Msinisubiri, Kuleni

Baba Neema,

Nakuandikia barua hii waziwazi, aisome anayetaka, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyeanza. Katika ndoa yetu yote hukuwahi kuniandikia barua ya siri hata moja. Ulichotaka kuniambia ukiwa kazini ulikiandika chini ya televisheni, kati ya tangazo la kitambulisho kilichopotea na kikao cha harusi ya fulani, na kila aliyeunganishwa kebo hapa Igoma akakisoma, wengine kabla yangu. Leo na mimi nakujibu mbele za watu. Usinune.

Jambo lenyewe ni hili: nimeondoa kebo. Ule waya ulioupitisha juu ya jiwe kubwa la hapa nyumbani kwa mikono yako, ukaufunga kwenye nondo na kuuingiza sebuleni kwa tundu ulilotoboa kwa nyundo na msumari, haupo tena ukutani. Tundu nimeliziba kwa saruji. Sasa televisheni ina kifaa kidogo nyuma, ukubwa wa kiberiti, kinachovuta picha kwenye intaneti, na kando yake ipo diski yenye mikanda yetu yote ya zamani. Nimefanya hivyo kwa hiari yangu na sirudi nyuma. Ila nakujua, hukubali jambo mpaka uelezwe tangu mwanzo. Basi kaa nikueleze.

Watu wakisikia kebo wanafikiria mpira na sinema. Mimi nikisikia kebo nafikiria ile chaneli ya kampuni yenu wenyewe, iliyoonyesha harusi za watu wa hapa Mwanza, kwaya, na sinema zilizorudiwa mpaka tukajua nani atapigwa lini. Chini yake yalipita maandishi meupe kwenye utepe wa bluu, na mwandishi wa maandishi hayo ulikuwa wewe, umekaa chumba cha mitambo mbele ya kompyuta yenye feni inayopiga kelele. Watu walikuletea matangazo yao kwenye vikaratasi: chumba kinapangishwa, mbuzi kapotea, msiba wa mzee fulani. Ukimaliza ya watu, unaweka la kwako mwishoni.

Siku ya kwanza nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za kwaya. Nikainua macho nikasoma, "Mama Neema, leo nakuja na sato. Usipike mboga." Nikadhani kuna Mama Neema mwingine, mwenye bahati zake. Nikapika nsansa, mboga yetu ya majani makavu. Saa saba mchana ukaingia na samaki mkononi, ukasimama ukiitazama sufuria, kisha ukaniuliza kwa upole kama shuleni kwetu Magu walifundisha kusoma. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baadaye nilipopata simu nilidhani mchezo umekwisha. Ulikataa. Ulisema kwenye simu mtu anaongea mbiombio kwa kuogopa vocha kuisha, lakini maandishi yanapita taratibu, na usipoyasoma yanarudi. Nikakwambia ni uvivu wa kupiga simu. Moyoni nilikuwa nimefurahi, na hilo sikuwahi kukwambia.

Tuligombana vibaya mara moja tu kwa ajili ya maandishi hayo. Wakati huo simu nilikuwa bado sina. Uniti za umeme zilibaki chache, nikazima televisheni asubuhi ili zinitoshe kupigia pasi magauni ya mteja. Siku hiyohiyo wewe ukasahau nyumbani funguo za stoo ya waya. Ukaandika nikuletee haraka, maandishi yakapita na kurudi, yakapita na kurudi, na mafundi wenzako wamesimama juani wakingoja. Ulirudi umevimba mashavu. Hukunawa. Uliniuliza kwa nini nazima televisheni, kwa sauti ya mtu aliyefungiwa mlango na mke wake. Nami sikukuachia, nikakwambia sikuolewa na televisheni.

Kesho yake asubuhi akina mama wa jumuiya walikuwa wamejaa sebuleni kwetu. Tumemaliza sala, chai inamiminwa, televisheni inawaka kwa sababu nilikuwa nimenunua uniti kwa hasira. Yakapita: "Mama Neema, nimekusamehe. Leo nakuja kula."

Mama mmoja akaweka kikombe chini polepole. Baba Neema, unajua maneno yale yalinifanya nini? Wiki nzima watu waliniuliza nilifanya nini. Muuza dagaa pale sokoni alinipimia huku akiniangalia kwa huruma, akaniongezea konzi nzima. Mama mmoja, ambaye mpaka leo sijamsahau, alinivuta pembeni na kunishauri nikaongee na padri kabla ya Jumapili. Mimi, ambaye kosa langu ni kuzima televisheni, nikajulikana Igoma nzima kama mwanamke aliyesamehewa.

Siku nne sikukusemesha. Siku ya tano yakapita mengine: "Mama Neema, kosa ni langu. Funguo nilisahau mimi." Ukayaacha yapite kutwa, mpaka bosi wako akauliza hizo funguo ni za nini. Mchana nikakukaangia samaki, mambo yakaisha. Lakini tangu siku hiyo televisheni ya nyumba hii haikuzimwa tena mchana. Nilijiwekea sheria hiyo mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Maandishi yaliyopita mara nyingi kuliko yote yalikuwa mafupi. Waya umekatika mahali, au mvua imeharibu mitambo, na saa saba inakaribia. Unaandika: "Mama Neema, nitachelewa. Msinisubiri, kuleni." Na kila mara nilimpa Neema chakula chake, cha kwetu nikakifunika kwenye hotpoti, nikangoja. Ukija saa tisa unainua kifuniko, unaona ugali haujaguswa, unatikisa kichwa. "Wewe mwanamke, niliandika nini?" Nami nakujibu kwamba sikuona, nilikuwa natunga uzi. Tunakula ugali umeshapoa, umekuwa mgumu, na hatukuwahi kulalamika hata mara moja.

Sasa nafika pale nisipopapenda.

Asubuhi ile ulikuwa unakwenda Nansio kumzika mjomba wako. Ulipita kwanza kazini kukabidhi zamu, ukashindwa kuondoka bila kuandika. Nilikuwa nakata kitambaa. Nikasoma: "Mama Neema, nakwenda kupanda meli. Msinisubiri, kuleni." Nikacheka peke yangu, kwa sababu ulikuwa umeniaga mlangoni nusu saa tu iliyopita. Presha ikakukuta hukohuko Ukerewe, siku moja baada ya kumzika mjomba. Sisi ndio tuliovuka maji kukufuata, tukakuzika karibu naye.

Tuliporudi Igoma kukaa matanga, mtu mmoja akawasha televisheni ili wazee wapate habari. Maandishi yako yakapita. Bado yalikuwepo. Wazee wakainamisha vichwa, na Bwire, mdogo wako, akainuka akazima. Nikamwambia awashe. Akanitazama, akawasha.

Yalipita siku tisa. Siku ya kumi hayakupita. Nilikaa mbele ya kioo cha televisheni kuanzia asubuhi, nikasoma vyumba vya kupanga na mbuzi waliopotea, nikifika mwisho hakuna kitu, yanaanza upya. Nikajiapiza kwamba nitamjua aliyeyafuta, na siku nitakayomjua atanisikia.

Basi ndivyo nilivyoishi miaka minne. Nimeshona, nimesali, nimecheka na watu, usidhani nilikuwa nalia kila siku. Ila televisheni iliwaka, na saa saba ikifika nilifunika chakula nikangoja kidogo. Kampuni ikanunuliwa na watu wengine. Picha ikaanza kuganda katikati ya maneno, watu midomo wazi. Utepe wa bluu wakauondoa, wakaweka matangazo ya michezo ya kubahatisha yenye kelele. Jirani mmoja baada ya mwingine akakata waya wake, wengine wakaweka madishi, wengine wakaangalia kwenye simu, mpaka juu ya jiwe ukabaki wa kwetu peke yake. Neema alinitumia kile kifaa kutoka Dodoma anakoishi, akachukua na mikanda yetu akaihamishia kwenye diski, akanirudishia. Nikamshukuru. Kifaa nikakiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo.

Mwaka huu Neema amejifungua. Mtoto wa kike, ana paji lako la uso, sijui tutalifanyaje. Nikaenda kumlea mzazi kama inavyotakiwa: maji ya moto, mtori, kumkanda mama, kumwogesha mtoto. Nilitakiwa kukaa siku arobaini. Sikumaliza hata wiki mbili. Nikaanza kusema nina sare za kwaya, wateja wananisumbua, na Neema akajua ni uongo kwa sababu simu yangu ilikuwa haijalia. Alikuwa amempakata mtoto kitandani. Aliniuliza swali moja tu, bila hasira.

"Mama, Igoma kuna nani?"

Nikainama nikafunga zipu ya begi. Alilia, Baba Neema. Binti yetu alilia na mimi nikaondoka.

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja wa Shinyanga, mtu wa maneno mengi. Akaniuliza kwa nini nimeacha mzazi mbichi hivyo. Nikamjibu bila kufikiri, "Mume wangu hapendi kula peke yake." Akaitikia kwa kichwa, akaniambia wanaume ndivyo walivyo. Nilisikia sentensi yangu ikizunguka masikioni mwangu kutoka pale mpaka tunaingia Mwanza. Nilikuwa nimemwacha mwanao anayehitaji maji ya moto, nakimbilia televisheni ili isiwake peke yake. Nikaona aibu, na baada ya aibu nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyonifaa.

Nilipofika sikufungua hata begi. Nilitoa kifaa kwenye droo, nikampigia Bwire kumwambia Jumamosi kebo inatoka. Sikumwomba ruhusa. Nilimwarifu, kwa kuwa ni mdogo wako na nisingependa alisikie kwa watu. Akaja jioni hiyohiyo, akakaa pale penye kiti chako, akaanza kwa mbali, habari za mvua, habari za Nansio. Mwisho akalitoa.

"Shemeji, waya ule kaka aliupitisha kwa mkono wake. Ukiuondoa utakuwa umebaki na nini chake?"

"Nimebaki na Neema," nikamwambia. "Na nimemwacha Dodoma analia."

Bwire ni mtu mwema. Alikunywa chai yake yote, akaniomba jambo moja tu, kwamba waya usitupwe. Nikamwahidi.

Wiki ile ndipo nilipoiangalia diski kwa mara ya kwanza. Harusi zote zile ulizopiga picha mwenyewe! Kipaimara cha Neema, uzinduzi wa kwaya, harusi ya Bwire na koti lake la mabega mapana. Saa nyingi kabisa za picha, lakini wewe huonekani. Nimekutafuta kila mahali, hata kwenye vioo vya magari. Ulikuwa nyuma ya kamera maisha yako yote. Kisha kwenye harusi ya Bwire, keki inakaribia kukatwa, mimi nimesimama katikati kama nguzo, ikasikika sauti: "Mama Neema, sogea, unamziba bibi harusi." Nikajiona nasogea. Hata sebuleni, mtu mzima mwenye mjukuu, nilisogea kwenye kiti.

Niliirudisha mara tatu, kisha nikaiacha. Nataka ulielewe hili, maana ndilo lililonipa nguvu. Sauti yako ipo, nimeijua ilipo, nitakwenda kuisikiliza siku nitakayotaka mimi. Siku nyingine nitaangalia mapishi, au mahubiri, au kitu cha kipuuzi tu nicheke. Lakini kukaa mbele ya kioo nikingoja kama leo patapita neno, hapana. Hilo nimelimaliza.

Jumamosi akaja fundi wa kampuni kuteremsha waya, na fundi mwenyewe alikuwa Kulwa, yule uliyepokezana naye zamu. Ana mvi sasa. Alipanda juu ya jiwe kwa kuhema, akafungua pale ulipofunga kwenye nondo, akacheka kidogo kwa mafundo uliyoyapiga, akaanza kuviringisha waya kwenye kiwiko. Nilikuwa nimesimama chini yake na ufagio. Nikamuuliza ghafla, nani aliyafuta yale maandishi ya marehemu.

Hakuacha kuviringisha.

"Ni mimi, Mama Neema. Na aliyeyaacha yapite siku tisa ni mimi pia. Bosi alitaka yatoke siku ileile ya msiba, nikakataa."

"Sasa kwa nini ukayafuta?"

"Nilikuja hapa matanga. Ilipofika saa saba nikaona unamfunikia sahani." Hapo akasimama, akaniangalia kutoka juu. "Yeye anasema msinisubiri, wewe unasubiri. Nikaona mimi ndiye ninayekusubirisha."

Nilikuwa nimemwandalia mtu huyo maneno ya miaka minne, tena makali. Nikamwambia ateremke taratibu, jiwe lina unyevu, na asiondoke kabla ya kula.

Waya haukutupwa. Bwire amekuja na misumari, tumeufunga kutoka kona ya nyumba hadi kwenye mpapai, na leo zimeanikwa nepi nyeupe kumi na mbili nilizomshonea mjukuu wako, zimenyooka vizuri kabisa. Ulichagua waya mzuri, hilo nakusifu. Jumatatu nazibeba kwenda Dodoma. Nimemwambia Neema safari hii nitakaa mpaka mtoto atembee, aniondoe yeye akinichoka. Akaniuliza, na televisheni je? Nikamwambia itabaki hapa imezimwa, na diski nakuja nayo, mtoto amsikie babu yake akiwafokea watu harusini.

Nakuaga, Baba Neema, na naaga nikiwa nimesimama vizuri. Nitakukumbuka, wala sikuahidi tofauti. Nitapita Nansio nikirudi, nipalilie kaburi lako, nikupe habari za mtoto.

Ila nisifunge kabla sijakwambia ya Jumamosi ile. Kulwa alinawa, Bwire akatokea mlangoni naye akanawa. Ilikuwa saa saba kamili. Nikachukua rimoti nikazima televisheni, kwa mkono wangu, mchana. Nikafunua hotpoti nikapakua ugali na sato kwa watu watatu, tukala bila kumngoja mtu. Nimeyasoma maneno yako, mume wangu, samahani nimechelewa kuyasoma.

Ugali ulikuwa wa moto.

Mkeo,
Mama Neema